Pagumu pa Gozbert

Gozbert alikuwa mpangaji wetu pale Temeke, na sijapata kuona mtu wa kuvaa tai akawa na hasira kama yule. Si hasira ya ugomvi. Hakupigana na mtu, hakumtukana jirani, na akikukuta barazani shikamoo yake ilitangulia hata kabla hajashuka kwenye baiskeli. Hasira yake ilikuwa moja tu: watu kusifu kitu rahisi, wakakipita kigumu bila hata kukitupia jicho. Ukitaka kumwona midomo inamtetemeka, msifie pasipostahili.

Alitoka Bukoba, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kwao alisoma seminari, akakaribia kabisa kuwa padre, kisha akatoka. Kwa nini alitoka hakusema, na dada yangu Tunu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, alitukataza kumuuliza. "Mtu akishafunga mlango wake, usimchungulie kwenye tundu la ufunguo," alisema. Gozbert akapata ukarani kwenye ghala bandarini, akachukua chumba chetu cha mbele, akatundika msalaba wake ukutani, na sisi tukaendelea na mambo yetu. Mimi na Tunu tulikuwa wajane wote wawili. Tulisuka mikeka barazani tangu asubuhi mpaka macho yachoke.

Tulichokiona mwanzo ni vidole. Akila, akizungumza, akingoja chai ipoe, vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya meza, kila kimoja na safari yake. Jirani wakasema ana jini. Tunu mwenyewe alifikia kutaka kumwita mwalimu aje amsomee. Tulipomweleza, Gozbert akacheka mpaka akatoa machozi. Akatuambia kwamba huko seminari padre mmoja Mholanzi alimfundisha piano, na si nyimbo za kanisani tu. Alimfundisha vipande vya Wazungu wa karne iliyopita, watu wenye nywele ndefu waliokuwa wakizunguka Ulaya nzima wakishindana nani ana vidole vya ajabu kuliko mwenzake.

"Na wanawake walikuwa wakiwatupia leso," akasema. "Na maua. Wengine wakizimia."

"Kumbe na wao hutuza!" akasema Tunu, akafurahi kweli. Kwetu mwambao mtu akipiga au akiimba vizuri hukai ukamtazama kama mdaiwa. Unainuka na kanga yako au leso yako, unacheza taratibu mpaka alipo, unampangusa jasho, unamrashia marashi, unamvisha kanga begani. Unafanya hivyo pale pale alipokukuna, si baadaye, maana baadaye raha imeshapoa.

Basi ikatokea Mzungu mmoja wa Oyster Bay akarudi kwao akaiacha piano yake, na wakubwa wakaileta kwenye ukumbi wa jamii uliokuwa ng'ambo ya barabara, ukitazamana na baraza yetu. Ilifika imeliwa na hewa ya bahari, meno yake, vile vibao vya kubonyeza, mengine yamenyamaza, mengine yakikwama chini kama mtu aliyeinama akashikwa na kiuno. Gozbert aliishughulikia kwa vipande vya kofia yake mwenyewe ya sufu aliyoikatakata akavibandika kwenye vinyundo vya ndani, akaiponya. Tangu siku hiyo hatukumwona tena mezani kwetu jioni. Akitoka kazini alipita moja kwa moja ukumbini. Kwanza aliwafundisha watoto wa Temeke waliotaka, na walikuwa wengi, kisha akabaki peke yake na vipande vyake.

Jumamosi alitupigia. Watu walijaa. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana alikuwa na kipande kimoja cha mbwembwe ambacho kila mtu alikipenda. Mkono wa kushoto uliruka juu ya wa kulia ukaanguka mbali huko, ukarudi, ukaruka tena. Kisha akageuza ukucha akauburuta juu ya meno yote toka mwanzo wa piano hadi mwisho, vrrrrr! Ukumbi mzima ukainuka. Wanawake wakamwendea na kanga, wakamfunika mpaka haonekani.

Alirudi nyumbani kavimba.

"Mnanituza pa uongo," akamwambia Tunu. "Pale ninapoburuta ukucha, hata mbuzi akipita juu ya piano anaweza. Hakuna kazi pale! Kile cha polepole nilichopiga mwanzo nimekisumbukia tangu nina miaka ishirini, na nyie mlikuwa mnauliziana bei ya samaki."

"Sasa mwanangu, sie tutajuaje? Hukutoka hata jasho."

"Ndiyo ugumu wenyewe, Bi Tunu. Usionekane."

Akatueleza, pale pale sebuleni kwetu, akitumia meza. Katika kipande kile cha polepole mkono wa kulia hufanya kazi ya watu wawili. Vidole viwili vya mwisho, vile vilivyo dhaifu kuliko vyote, ndivyo vinavyobeba wimbo. Vile vyenye nguvu vinapaswa kunong'ona tu chini yake, haraka haraka, bila kuufunika. Huku mkono wa kushoto unaruka mbali lakini usisikike kwamba umeruka. "Mwanamke akipita na mtungi wa maji kichwani," alisema, "nani humsifu? Anasifiwa anayeyumba nao asiuangushe, kwa sababu ugumu wake umeonekana." Tunu akacheka, akaendelea kusuka ukili wake, lakini mimi namjua dada yangu. Jambo likimwingia hanyanyui macho.

Tangu hapo alibadili kiti chake barazani. Akakigeuza kielekee ukumbini. Jioni Gozbert akianza kile cha polepole, Tunu hakutaka nizungumze. Kilianza vizuri, kikaenda vizuri, kisha kikafika mahali fulani katikati, na pale Gozbert akakosea. Akasimama, akasema neno la Kihaya ambalo sidhani kama alifundishwa seminari, akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, akakosea tena. Kila jioni. Mvua ikanyesha ikaisha, mihogo ikaliwa, na bado mahali pale pakamshinda. Tulipajua sisi wawili kuliko njia ya kisimani. Kipande kikipakaribia, mkono wa Tunu unasimama na ukili. Gozbert akikosea, naye anafyonza, kana kwamba ni yeye aliyekosea.

"Leo kakaribia," alikuwa akisema. Au, "Leo kachoka, angelala tu."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu linalofuata ndilo linaloniwasha moyo mpaka leo, nami nimeshakuwa bibi kizee.

Nassibu, mtunza ukumbi, alikuja siku moja uso umemshuka. Kulikuwa na shule ya watoto wa Kizungu iliyoitaka ile piano. Walikuwa nayo moja, walitaka ya pili. Ilipokuwa haina meno hawakuitaka! Walipoiona imelala inaoza kwenye nyumba ya mwenzao hawakuitaka! Mtu wa Bukoba kaikatia kofia yake, kaifufua, watoto wa Temeke wanaanza kujua kuipiga, sasa ndiyo wanakumbuka kwamba ni piano nzuri. Wakubwa wakasema watatenda haki. Memsahibu Kendrick, aliyekuwa akifundisha muziki mjini, atakuja kusikiliza. Akiona Temeke kuna mtu anayeweza vipande vya daraja la juu, vile vigumu hasa, piano itabaki na Gozbert atathibitishwa kuwa mwalimu wake. Akiona hakuna, itachukuliwa.

"Basi mambo yetu mazuri," akasema Nassibu. "Unapiga kile cha kurukaruka, unaburuta ukucha wako, kwisha kazi. Memsahibu anapanda gari lake anakwenda zake."

Gozbert akatikisa kichwa. "Kaomba kigumu. Nitampigia kigumu."

"Lakini kile cha polepole kinasikika rahisi!"

"Kwako. Yeye ni mwalimu. Mwalimu atajua."

Nassibu alimsihi mpaka mate yakamkauka. Mimi pia nilimsihi, nikamwambia mwanangu, mpe mgeni anachokitaka, piano ikishabaki utapiga chako milele. Alinitazama kama nimemwambia aibe. Alisema hawezi kupewa kitu kwa uongo, halafu kila siku akikaa kukipiga akumbuke. Tunu peke yake hakumsihi. Aliuliza tu, "Na pale pahali pako?"

"Patapitika," akasema Gozbert. "Mwenyezi Mungu akipenda, patapitika."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake tulivaa kanga mpya na kujifukiza udi, maana heshima ya piano ilikuwa heshima ya mtaa. Memsahibu Kendrick alikaa kiti cha mbele na kofia yake, magoti pamoja, uso kama mtu aliyeletewa chakula asichokijua. Nassibu alisimama ubavuni kwake. Gozbert akaingia na koti lake jeusi lililopigwa pasi na Tunu mwenyewe. Akainama kidogo, akakaa.

Akaanza. Wallahi, sijawahi kumsikia akipiga vile. Ule wimbo ulisimama juu peke yake, na chini yake ile minong'ono ikapita kama watu wanaozungumza chumba cha pili, unajua wapo lakini huwashiki maneno. Nami nikajua tunapakaribia pale pahali, kwa sababu Tunu, aliyekaa karibu yangu, alinishika paja akaliminya.

Kikafika. Na kabla sijamzuia, dada yangu akainuka.

Katika ukumbi ule wote hakuna mwingine aliyeinuka, wala hakukuwa na sababu yoyote ya kuinuka, kwa mtu asiyejua. Hakukuwa na kuruka, hakukuwa na ngurumo. Ilikuwa kimya kuliko sehemu zote. Tunu akaenda taratibu, miguu ikifuata wimbo, kanga ameishika kwa mikono miwili, mpaka alipo Gozbert. Akamvisha begani, kwa upole, kama anavyovishwa mtoto aliyelala. Kisha akarudi nyuma akasimama.

Na Gozbert akakosea. Pale pale. Nota mbili tatu zikaanguka, wimbo ukakatika, kila mtu akasikia. Hakusimama. Alikaza, akaendelea mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mzuri. Lakini alikosea.

Memsahibu akainuka. Akazungumza na Gozbert kwa Kiingereza, na Nassibu akatutafsiria. Alisema kipande hiki si kigumu. Wasichana wake shuleni hukipiga kabla hawajamaliza masomo. Kosa katika kipande cha namna hii ni kosa la mtu ambaye hajafika. Alitegemea kitu cha kasi, chenye nguvu, kinachoonyesha vidole.

Si kigumu! Mwaka mzima tumemsikia mtu akilia nacho, halafu anakuja mtu na kofia, anakaa kitako muda wa kunywa kikombe cha chai, anasema si kigumu!

"Mwambie akae yeye," Tunu akamwambia Nassibu kwa sauti ya ukumbi mzima. "Si anasema chepesi? Akae apige, na sie tumsikie."

Nassibu hakutafsiri. Lakini memsahibu alifahamu Kiswahili kiasi, kile chao cha jikoni, na masikio yakamwiva. Akamgeukia Gozbert, na safari hii akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka sisi tusikie.

"Mimi iko na huruma. Mimi naona mama hii nasumbua wewe. Naleta nguo, nagusa mkono. Hii si ngoma. Wewe sema tu, nguo nagusa mkono, basi kosa si yako. Watu yote natoka nje, mama natoka, wewe napiga tena, mimi nasikiliza. Na mama hii hapana ingia hapa tena."

Mnaona? Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu. Nassibu alikuwa akimtazama Gozbert machoni, anamwashiria kwa kichwa, sema, sema. Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nasema, sema mwanangu, Tunu hatakasirika. Na kweli Tunu hakukasirika. Alikuwa ameshaanza kujifunga kanga iliyobaki, anaelekea mlangoni.

"Mie natoka, baba," akasema. "Natoka na sirudi, piga tu. Usiiache piano yako kwa ajili yangu."

"Kaa, Bi Tunu," akasema Gozbert.

Hakupaza sauti. Aliinuka kwenye kiti, na ile kanga ingali begani juu ya koti lake, ncha moja imening'inia mpaka gotini. Karani mzima na tai, na kanga. Pengine ungeweza kucheka. Hakuna aliyecheka. Akamjibu memsahibu kwa Kiswahili, na midomo ilikuwa ikimtetemeka ile tetemeka tuliyoijua.

"Nguo haikunigusa mkono, memsahibu. Nguo imefika mahali pake hasa. Vidole vyangu ndivyo vilivyochelewa."

Memsahibu akasema hafahamu.

"Najua," akasema Gozbert. "Nimekuja hapa kila jioni, na nimekosea pale pale kila jioni, bila nguo. Pale pagumu. Wewe ni mwalimu na umekaa mbele, hukupasikia. Huyu mama amekaa ng'ambo ya barabara anasuka mkeka, akapasikia. Siwezi kumtoa nje mtu aliyesikia, nikampigia ambaye hakusikia."

"Basi piano nakwenda," akasema memsahibu.

"Basi iende."

Akavaa glavu zake akatoka. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Kuna waliomlaumu Gozbert, kuna waliomlaumu Tunu, kuna wazee waliosema Mhaya kiburi kimemponza, angenyamaza akachukua alichopewa. Niliwajibu, na nilivyowajibu sitaandika hapa. Kiburi! Mtu akisema ukweli juu ya kosa lake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, mnamwita mwenye kiburi. Na yule aliyesema kigumu ni chepesi kwa sababu hakikurukaruka, yeye mnamwita nani? Mnamwita memsahibu, mnamfungulia mlango wa gari.

Tunu alikuja nyumbani akakaa kitandani, hakula. Alikuwa akirudia neno moja, "Nilimwona anafika, Hamisa. Nilidhani safari hii anapita." Nilimwambia hakufanya kosa. Nasema mpaka leo hakufanya kosa. Kila mwanamke wa Temeke alimvisha mtu yule kanga pasipostahili, na hakuna aliyeambiwa anasumbua. Mmoja tu akamvisha panapostahili, huyo ndiye wakamtaka atoke.

Lori lilikuja baada ya siku chache, asubuhi, na wapagazi wenye kamba. Gozbert hakwenda kazini. Alikuwa ameingia ukumbini tangu alfajiri, na tulimsikia: kile cha polepole, mpaka pale pahali, kosa, kurudi nyuma, tena. Wapagazi wakasimama mlangoni. Msimamizi wao akamwita, bwana, tuna kazi nyingine. Tunu akavuka barabara, akajiweka katikati ya mlango na kuweka mikono kiunoni, akawaambia wangoje. Alikuwa mwanamke mnene, na wao walikuwa na adabu. Wakangoja.

Akajaribu tena. Nilikuwa barazani, nimeshika ukili bila kuusuka. Wimbo ulikuja safi, minong'ono chini yake safi, mkono wa kushoto hausikiki. Ukaingia pale pahali, ukapita nusu yake, nusu ambayo hajawahi kuipita, nikainuka nimesimama. Kisha ukaanguka.

Safari hii hakusema neno lolote kwa Kihaya. Alifunga kifuniko mwenyewe, akawasaidia wapagazi kuishika upande wa mbele, maana alijua upi kati ya miguu yake umelegea. Baada ya hapo alipiga kinanda cha kanisani Chang'ombe miaka yote aliyoishi, na vidole vyake havikutembea tena juu ya meza yetu.

Hakupita pale pahali maisha yake yote. Walimwachia ile nusu tu aliyoipita asubuhi ya lori. Mwaka mmoja, jama, mwaka mmoja tu wangemwachia piano ile, angepita!